Teodomiro Huaroc Inga, 1941–2019: Mtu wa "Kwa Nini"

Jirani yetu doña Alejandrina amekuwa akisema, tangu alipozikwa mama mkwe wangu Saturnina, kwamba aliuawa na nyumba ya sindano, kile kituo cha mlimani cha kupimia sumaku. Nyumba ile haitaki chuma, eti ndiyo maana ilimnyonya chuma kilichokuwa kwenye damu yake. Wengi mlioketi hapa mmelisikia neno hilo. Marehemu baba mkwe wangu naye alilisikia, kwa hiyo ni haki lisemwe mbele yake.

Don Teodomiro alizaliwa tarehe 9 Novemba 1941 hapa Wayllapata, bonde la Mantaro, mtoto wa tatu wa Crisanto Huaroc na Benita Inga. Alimchosha mama yake kwa maswali mpaka akawa anatumwa kuchambua viazi mbali na jiko.

Alisoma shule ya msingi Chupaca, sekondari Huancayo, na fizikia Lima, akamaliza mwaka 1966. Huko aligombana na mwalimu wake juu ya uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku hufanya kazi. Mwalimu alisema uga ni namna ya kupigia hesabu tu. Yeye akasema kisichokuwepo hakisukumi sindano ya dira. Mimi niliishia darasa la sita, nikamwomba anieleze. Alisema sindano haijui kaskazini, wala haijawahi kufika huko. Inajua hapa ilipo tu, na hapa ilipo pana kitu kinachoigusa. Akaondoka. Kisha akarudi kutoka mlangoni kuniambia huenda amekosea.

Mwaka 1967 aliajiriwa kwenye kituo cha kupimia sumaku ya dunia, pale mlimani, hadi alipostaafu mwaka 2001. Nyumba ile mnaijua: misumari ya shaba, bawaba za shaba, na mlangoni unaacha kisu, funguo, hata mkanda, ili chuma kisiivute sindano. Mahindi yake ya kuchemsha alikuwa akiyala amesimama, jicho kwenye sindano.

Kila Jumapili ya soko sindano ilitikisika. Aliandika kuwa ni dhoruba ya jua inayovuruga sumaku ya dunia, akapeleka habari hadi Lima. Kumbe ilikuwa pini ya chuma kwenye shali ya msichana aliyeleta jibini.

"Dhoruba yenyewe ndiyo hii?" Saturnina Poma alimwuliza, akaichomoa na kumkabidhi. Walifunga ndoa tarehe 24 Juni 1970, wakaishi kando ya kituo.

Saturnina alifariki tarehe 17 Machi 1998 kwa kuishiwa damu. Kaburini, kaka yake don Fortunato alisema, "Shemeji, kabla ya nyumba ile dada yangu alikuwa mzima."

Baba mkwe alizoea kutuambia kwamba kutangulia si kusababisha: jogoo huwika kwanza, lakini ukimchinja jua litachomoza tu. Siku ile hakusema hivyo. Alijua uga uleule umejaa hata shambani kwa Fortunato. Lakini alimwendea daktari, aliyesema ni kidonda cha tumbo. Akauliza kidonda kililetwa na nini, na hicho nacho kililetwa na nini, mpaka daktari akaanza kumkwepa. Akawaomba walinzi wote wa kituo wakapimwe damu. Wote wazima.

"Hiyo inaonyesha walinzi hawakufa," aliniambia. "Haionyeshi kilichomuua yeye."

Mwezi wa Aprili mwaka huu mapafu yalimshika. Hakukubali kulala, alizunguka kitanda akimbembeleza mwanangu ili nami nipate usingizi. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Agosti, ameketi, viatu miguuni.

Ameacha mwanawe Abilio, mimi mkwe wake Noemí, mjukuu wake Yésica, dada yake Paulina, na shemeji yake don Fortunato, mwenye uwanja wa makaburi ya akina Poma, ambaye mpaka sasa hajasema ndiyo, tumzike humo. Kaburi halijachimbwa. Mungu ampe pumziko, na yeye mwenyewe akubali kupumzika.

Siku moja kabla ya kufa aliniita karibu.

"Mwanangu, mwombe Fortunato anilaze kando ya Saturnina. Akikataa, usibishane naye. Mwulize kwa nini, na umsikilize mpaka amalize."