Voahirana, Binti Mkubwa Aliyeitika Jina la Mdogo Wake

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Voahirana, mdarizi wa hapa hapa Antsirabe. Voahirana ametutoka Alhamisi iliyopita, akiwa na miaka sabini na mmoja. Wengi wenu mmelalia mashuka aliyoyadarizi. Wachache mlijua alivyokuwa na wivu. Ndugu zake wameniomba nisiufiche, nami sitauficha. Yeye mwenyewe hakuuficha.

Alikuwa na miaka sita mdogo wake Noro alipozaliwa. Miaka sita mama alikuwa wake peke yake. Ilikuwa Julai, baridi inang'ata. Mama alijifungia chumbani na kichanga, akiota moto kama afanyavyo mzazi yeyote, na Voahirana akapelekwa kulala kwa bibi. Siku ya tano, mama akiwa amelala, aliingia kimyakimya, akamtia mtoto kikapuni, akampeleka kwa jirani.

"Mchukueni nyie," alisema. "Sisi tunatosha."

Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Voahirana hakucheka.

Wivu ule ulikua pamoja naye. Noro alifaulu, akapelekwa shule Tana, mji mkuu, akabaki huko. Voahirana alibaki na sindano. Noro alipoposwa, dada yake alimdarizia shuka la harusi kwa miezi minne. Siku ya harusi yenyewe akasema kichwa kinamuuma, hakwenda. Noro akapata watoto wanne, Voahirana hakujaaliwa hata mmoja. Mtu akimsifia Noro mbele yake, aliuliza tu, "Kwani anajua kudarizi?"

Kisha mama akazeeka, na kumbukumbu zikaanza kumtoka. Voahirana, wakati huo ana miaka sitini, ndiye aliyemwogesha, akamlisha wali laini, akamnywesha maji ya ukoko. Na kila asubuhi mama aliita: "Noro! Noro, uko wapi?"

Voahirana aliitika. Miaka mitatu, wasikilizaji wapendwa, aliitika jina la mdogo wake.

Siku moja akashindwa. Akampigia Noro simu. "Njoo umwone mama yako. Mimi nimechoka kuwa wewe."

Noro alifika kesho yake, akapiga magoti mbele ya mama. Mama akamtazama, akamgeukia Voahirana. "Noro, huyu mgeni ni nani?"

Noro akaangua kilio. Ameniambia mwenyewe: "Nilimwangalia dada. Nikajua leo atafurahi, na sina la kumlaumu."

Ushindi huo Voahirana alikuwa ameungoja zaidi ya miaka hamsini. Baadaye alikiri kwa mdogo wake kwamba ulikuwa mtamu. Mtamu kabisa. Lakini aliona mabega ya Noro yanavyotikisika, akauchukua mkono wake, akauweka kwenye kiganja cha mama.

"Mama, Noro ndiye huyu."

"Na wewe?"

"Mimi ni Voahirana."

Mama akafikiri. "Sasa Voahirana nimwite wa nini? Huyo si yupo? Anaitwa aliye mbali."

Voahirana akatoka uani, akasimama peke yake, shuka alilojitanda likiwa begani. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Wali uko jikoni," alimwambia Noro. "Leo mlishe wewe. Na usimharakishe, anapaliwa."

Msidhani wivu uliisha. Haukuisha. Mama alipofariki, mabinti hao wawili waligombea nafasi ya kukaa karibu na jeneza. Hata wiki iliyopita, kitandani hospitalini, Voahirana aliuliza: "Ungelazwa wewe, Noro, wangekuja wageni wangapi?" Ila tangu siku ile mama alipomsahau Noro, alikuwa akiusema wivu wake kwa mdomo. Hakusingizia tena kichwa. Naye Noro alizoea kumjibu, "Sogea huko, dada, nami nikae." Kila mwezi alitoka Tana kuja kukaa naye.

Kwa Noro, kwa wanawe wanne waliomwita Voahirana mama mkubwa, na kwa wadarizi wote aliowafunza kushika sindano, pokeeni pole zetu. Mungu awape subira.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, tujiulize. Nyumbani kwako yumo mtu ambaye hujamwita kwa jina lake siku nyingi, kwa sababu yupo tu, ndiye apikaye, ndiye afunguaye mlango. Mwite leo, angali karibu.