Mlingoti Umeelekea Chumba cha Mama

IKUPA: Haloo? Kaka Boazi?

BOAZI: Haloo! Nani mwenzangu? Huku Tunduma malori yanapiga honi, sisikii kitu!

IKUPA: Mimi Ikupa, mdogo wako. Simu ya jirani hii, ya mama Lusungu. Shikamoo.

BOAZI: Marahaba, marahaba. Huko Ihanda hamjambo? Mama je—

IKUPA: Mlingoti umeinama, kaka.

BOAZI: Upi?

IKUPA: Wewe nawe! Tuna mwingine? Ule mti wa marehemu baba, hapo barabarani. Si unajua greda lilichimba mtaro likakata mizizi? Sasa jana mvua imenyesha mpaka basi. Leo udongo umepasuka shinani, mkono mzima unaingia.

BOAZI: Umeelekea wapi?

IKUPA: Kwetu. Chumba cha mbele.

BOAZI: Mungu wangu. Mwite Jofrey na msumeno wake!

IKUPA: Kaja, kautazama, kajikuna kichwa. Bila lori la kuuvuta kwa mnyororo hagusi, anasema utashukia bati. Na mtendaji wa kijiji anasema mti uko eneo la barabara, tusubiri kibali.

BOAZI: Kibali! Na upepo nao utasubiri kibali?

IKUPA: Mweleze wewe.

BOAZI: Basi tokeni humo. Mtoe mama.

IKUPA: Mama hatoki.

BOAZI: Hatoki vipi?

IKUPA: Kaka, umesahau ya kwetu? Yuko kwenye godoro la msiba. Mjane hainuki pale mpaka mtoto wa kwanza aje amshike mkono. Na mtoto wa kwanza—

BOAZI: Najua ni nani.

IKUPA: Sijasema kitu.

BOAZI: Mjomba Rabson si amshike? Ni mtu mzima yule.

IKUPA: Alijaribu. Mama kauvuta mkono wake, kasema, "Mimi nimezaa."

(mtandao unakwaruza)

BOAZI: Nilikuwa Zambia na mzigo, Ikupa. Foleni ya mpakani unaijua—

IKUPA: Tumezika, tumelia, watu wamerudi makwao, wewe bado uko foleni tu?

BOAZI: Unajua niliondokaje pale! Nilimwambia mzee, mti huu utatuua, tuukate. Akanifokea mbele za wazee wa kanisa. Na mimi nikaropoka—

IKUPA: Kwamba hukanyagi tena pale mpaka mti ulale chini.

BOAZI: Zilikuwa hasira.

IKUPA: Na zake zilikuwa hasira. Ulipoondoka, kila jioni alikuwa anatoka kuugonga shina, anausikiliza. Alijua ulisema kweli, kaka.

BOAZI: Mbona hukuniambia?

IKUPA: Ulikuwa unapokea simu?

BOAZI: Sawa. Sawa. Ngoja nitume hela mtafute lori—

IKUPA: Koma na hela zako! Lori unalo, mnyororo unao, unavuta matela ya watu kila siku!

BOAZI: Naona aibu, mdogo wangu.

IKUPA: Haloo? Unakatika—

BOAZI: Nimesema naona aibu! Nitaingiaje mle? Mama atanitazama kwa jicho gani? Hilo godoro, si mliburute tu mpaka chumba cha nyuma?

IKUPA: Tuliliburuta leo asubuhi, alipokwenda uani.

BOAZI: Ee, afadhali!

IKUPA: Kalirudisha. Peke yake, na magoti yale yake. Nimemkuta anahema.

BOAZI: Kwa nini lakini? Mama huyu vipi?

IKUPA: Anasema chumba cha nyuma hakisikii hodi. Ukija usiku ukagonga usifunguliwe, utadhani amekukataa.

(honi za malori)

IKUPA: Kaka? Uko hapo? Salio la watu hili linaisha.

BOAZI: Nipo... nipo. Ngoja. Oya, Deus! Toa hayo mawe kwenye matairi! Ndiyo, sasa hivi! Tajiri mwenye lori akinuna, anune!

IKUPA: Kaka, unakuja?

BOAZI: Mwambie mama nimewasha gari. Nitamshika mkono kabla ya giza. Ikupa, hicho kinachovuma ni nini? Ni mtandao?

IKUPA: Ni upepo, kaka. Umeanza sasa hivi. Kimbi—

BOAZI: Ikupa? Haloo? Ikupa!

(simu imekatika)