Thoya na Wimbi la Mkwe

Mwaka wa themanini na nne kijiwe chetu cha Kilifi hakikuwa na benchi. Kilikuwa na mawe mawili tu. Jumamosi moja tulikunywa kahawa wima, tukimsindikiza Thoya, mhudumu wa hoteli aliyeachiwa na mgeni wake Mjerumani ubao wa kupandia mawimbi. Alikwisha kuwatangazia watu hadi Gede kwamba maji yakijaa atalipanda Mkwe, wimbi linalopasukia miambani chini ya genge. Mjerumani mwenyewe alilitazama mara moja, akaenda kula. Mimi waliniita Baharia. Nilikuwa mpishi wa meli. Bahari nimeiona kupitia dirisha la jikoni.

— Baharia, umefika Australia. Wenzetu hufanyaje? akauliza Thoya.

— Husimama. Wakianguka, hurudia.

— Ubao nimeupaka mafuta ya nazi, uteleze.

— Vyema, nikasema.

Mwambire, ambaye kwa kutangaza kila habari tulimwita Redio, akaingia hewani.

— Mawimbi sita ya kwanza yaache. La saba huja limechoka. Mvumilivu hula mbivu.

— Na kina? akauliza Thoya.

— Maji usiyoyafika hujui kina chake. Kwa hiyo huenda ni mafupi.

— Hamna adabu! akasema Kahindi muuza kahawa. Mkwe hatazamwi usoni. Thoya, ingia kinyumenyume, upige hodi.

— Nipige wapi?

— Mwambani. Penye nia pana njia.

— Na akikumeza, tulia, akasema Redio. Yuko mtu wa Magarini alimezwa na wimbi pamoja na ng'ombe wake, wakatokea Lamu. Ng'ombe ana mimba.

Thoya akacheka, ila ubao akaubana kwapani.

Hapo akapita Kioko, mwalimu mgeni kutoka Machakos. Bahari alikuwa ameiona mara ya kwanza Jumatatu.

— Shikamooni, wazee. Samahani, akishalipanda, anatokea wapi?

Tukatazama gengeni. Jiwe tupu lenye makali, huku na huku, hadi macho yanapokoma. Redio akazimika. Kahindi akainamisha dele la kahawa. Likatoa tone moja.

— Baharia? akauliza Thoya, polepole.

— Ndugu yangu, mimi nilikuwa namenya viazi.

Thoya akaulaza ubao juu ya yale mawe mawili, akaufuta mafuta kwa shati lake jipya, akaketi.

— Nimiminie kahawa.

— Imekwisha, akasema Kahindi. Sogea nikae.

Kwa watu wa Gede tulimtuma Kioko, awaambie wasije. Sisi tulikuwa tumeshakaa.