Mama Rekoda Anaiaga Sebule

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika nyumba yetu ya kulelea wazee, dada yetu mtunza sebule anastaafu Ijumaa hii. Wazee humwita Mama Rekoda, nami, mpishi aliyefanya naye kazi tangu ujana, nimepewa heshima ya kumwandikia haya.

Alianza kwa kupiga deki. Alipokabidhiwa sebule, alikabidhiwa pia ugomvi wake: televisheni moja, wazee tele. Dereva mstaafu alitaka mpira, bibi fundi cherehani alitaka tamthilia, na kila jioni mmoja wao alikwenda kulala amenuna. Dada akaiomba ofisi rekoda ya kuhifadhi vipindi vya televisheni, kila mtu atazame chake kwa wakati wake. Ilipojaa, akaanza kuiongezea diski za nje, kila mzee na yake, akizitofautisha kwa nyuzi za rangi.

Tatizo, rekoda ilikuwa na tundu moja tu la USB. Akatafuta kigawanyio cha matundu manne, akachomeka diski nne kwa mpigo. Siku ya fainali zikalia tik-tik, zikazimika zote. Umeme wa tundu moja haukutosha kulisha vinywa vinne. Dereva alirudi kutoka kliniki akijua mechi inamngoja, akakuta patupu. Alimsusa dada wiki nzima, hata chai akawa anaifuata mwenyewe jikoni kwangu. Dada akaleta kigawanyio chenye waya wake wa umeme, akazisajili diski kwenye rekoda moja baada ya nyingine, zikatulia. Dereva akasema tu, “Haya, yaishe.”

Kisha bibi fundi cherehani akafariki. Mwanawe, ambaye hatukuwa tumemwona kwa miaka, akaja kuchukua vitu vya mama yake, diski ikiwemo. Kesho yake akarudi nayo kwa dada.

“Shangazi, nyumbani haifunguki.”

“Haiwezi, mwanangu. Inaitii rekoda hii peke yake. Kaa hapa uitazame.”

Akakaa. Tamthilia ilikuwa ndefu, na wahusika hakuwajua. Baadaye akauliza kwa sauti ya chini, “Mama alikuwa anacheka wapi?” Dada akachukua rimoti, akarudisha nyuma mpaka pale. Wakaangalia, wakaendelea, hadi dada akamwambia, “Sehemu za kuanzia hapa mama yako hakuwahi kuziona.” Kijana akaomba izimwe.

Diski za waliotutoka hajafuta hata moja. Ofisi ilipomwambia azisafishe kwa ajili ya wageni wapya, aliitikia vizuri kabisa, akaenda kuzifungia kabatini.

Sisi tulidhani huchelewa kuondoka kwa sababu ya kazi. Kumbe mumewe alitangulia zamani, wanawe wako mbali, na kwake hakuna wa kumfungulia mlango. Mwezi huu tulitaka kumwandalia vipindi avipendavyo, viwe zawadi. Tukaulizana: anapenda nini? Hakuna aliyejua. Ikabidi nimuulize mwenyewe. Alikuwa na kitambaa cha vumbi mkononi.

“Sijui, mdogo wangu. Zamu yangu haikufika.”

Nikarudi jikoni, sikuweza kumenya hata kitunguu.

Dada, asante kwa kila jioni uliyowapa wengine. Jumapili hii tunakuja kwako, mimi na dereva na yeyote atakayeweza kutembea. Usipike, usifagie. Tutabisha hodi kwa fujo, majirani wajue una watu. Staafu salama, na nyumba isikukalie kimya.