Picha Zilizopigwa Kabla ya Machozi Kukauka

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki, poleni kwa msiba, mimi ninayesimama mbele yenu ni mdogo wa mume wa marehemu, yaani shemeji yake wa kutaniana, na familia imenipa kazi hii ikijua fika kwamba nitachanganya kilio na utani, kwa hiyo mnivumilie. Tangu asubuhi wengi mmeninong'oneza mkiuliza kwa nini picha iliyo juu ya jeneza inamwonyesha marehemu analia, kana kwamba nyumba nzima imekosa hata moja anamocheka, nami nimewajibu kuwa sababu imo humu humu ndani ya historia yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne wa fundi wa mabehewa, akaanza shule ya msingi mwaka 1965, akaendelea na sekondari ya wasichana, alikosifika kwa mwandiko mzuri na ubishi usiokwisha, kisha mwaka 1976 akajiunga na chuo cha uuguzi na kuhitimu mwezi Novemba 1979. Januari 1980 aliajiriwa katika kliniki ya mama na mtoto, lile jengo lenye benchi refu la mbao barazani na mizani ya kuning'iniza watoto, na hapo hapo akakaa hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2017.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na studio ya kaka yangu, mpiga picha, naye siku zile alianza kuugua maradhi yasiyoeleweka, leo kichwa, kesho goti, keshokutwa anataka kupimwa uzito kwenye mizani ya watoto, mpaka marehemu akamwambia, "Wewe dawa yako naijua, nenda kawalete wazee wako nyumbani." Walifunga ndoa tarehe 5 Septemba 1981.

Tarehe 14 Machi 1983 walijaliwa binti yao wa kwanza, na kaka, aliyewapiga picha watoto wa mtaa mzima, wa kwake hakumpiga, kwa kuwa alitaka picha ya kwanza iwe na kicheko chenye meno, na kila alipokumbushwa alisema, "Tusubiri, meno yako njiani." Meno mawili yalikwisha chomoza mtoto alipopata homa na kikohozi, mbavu zikawa zinabonyea ndani kila anapovuta pumzi, wakamkimbiza hospitali, madaktari wakafanya yote yaliyowezekana enzi hizo, na tarehe 6 Desemba mwaka huo huo akafariki kwa nimonia mikononi mwa mama yake, muuguzi aliyekwisha wafariji akina mama wengi. Nyumba ile ina masanduku ya picha za watoto wa watu, na ya mtoto yule haimo.

Tangu hapo neno "tusubiri" lilipigwa marufuku nyumbani kwa kaka, hata chai ya moto tuliinywa huku tunaungua, nami nikawaambia kwamba wakinialika tena nitakuja na barafu yangu. Walijaliwa wengine wawili, wa kiume mwaka 1985, ambaye leo ni fundi umeme, na wa kike mwaka 1988, aliyerithi studio ya baba yake, lakini shemeji alipokuwa peke yake jikoni nilimsikia mara kadhaa akimwita yule wa kwanza kwa sauti ya chini, na mimi nilirudi mlangoni nikakohoa kwanza ndipo nikaingia.

Tarehe 21 Januari 2013 chanjo ya nimonia ilifika kliniki kwetu kwa mara ya kwanza, ile wanayochomwa watoto pajani, wakianza na wiki sita na kumalizia na wiki kumi na nne, na marehemu alipokwisha mchoma mtoto wa kwanza, alivuka barabara na sare yake, akaingia studio, akasimama mbele ya pazia analia, na kaka akainua kamera akampiga vilevile alivyo. Ndiyo picha hiyo.

Kuanzia mwaka huo kila mtoto aliyemaliza chanjo alivushwa barabara akapigwa picha yake ya kwanza, zawadi ya Bi Choma, kama watoto walivyomwita wakimkimbia sokoni, na akina mama walipoomba mtoto anyamaze kwanza, kaka alikataa, ndiyo maana kuta za mtaa wetu zimejaa watoto waliopanua midomo, machozi mashavuni. Hakumdanganya mtu kwamba chanjo inazuia kila nimonia, alisema inafunga mlango mkubwa, madirisha mchunge wenyewe.

Fundi cherehani wetu, mama aliyeingiwa na hofu mwanawe alipopata homa baada ya chanjo ya kwanza, aligoma kumrudisha, akasema, "Mwanangu si kimto cha kuchomekea sindano," na marehemu hakugombana naye, alimpelekea gauni la kupunguza, kesho yake mashuka, halafu mapazia, huku wanazungumza taratibu, na akamsimulia juu ya yule binti asiye na picha, jambo ambalo hata mimi sikuwahi kumsikia akimsimulia mtu. Yule mama alifunga duka akambeba mwanawe kliniki, na leo ndiye aliyeshona gauni marehemu alilovaa.

Kaka alitutoka tarehe 2 Aprili 2019, na mwaka 2023 marehemu akaanza kusumbuliwa na moyo, akalazwa mara tatu, na daktari aliyekuja kumtundikia dripu, ambaye utotoni alichanjwa na marehemu, alimwomba radhi kabla ya kumchoma sindano, shemeji akamwambia, "Lipiza tu, mwanangu, lakini polepole." Alifariki tarehe 11 mwezi huu, alfajiri, binti yake akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa kliniki mliokuja na sare zenu, majirani mliokesha nasi, na fundi cherehani wetu, na tunawaomba samahani wote ambao hatukuwataja. Binti yake amesimama pale na kamera ya baba yake, naona anatungoja tufute nyuso zetu. Mwanangu, piga tu, kwenu hawasubiri. Shemeji yangu, pumzika kwa amani, umetuliza tena.