Kajetani Luambano na Miti Iliyogeuka Jiwe

Miaka ishirini na minane ya utumishi wa Bwana Kajetani Luambano, Fundi Mwandamizi wa Sampuli katika ofisi yetu ya madini hapa Songea, inatimia tarehe 30 Juni 1996, siku anayostaafu.

Mzaliwa huyu wa Maposeni aliajiriwa mwaka 1968 akiwa seremala, kwa kazi moja tu: kutengeneza masanduku ya kuhifadhia mawe. Siku moja aliletewa gogo lililogeuka jiwe. Alilipapasa, akahesabu pete zake, kisha akawaeleza wataalamu kwamba mti huo ulikua kwa shida miaka minne mfululizo. Tangu hapo hakurudi kwenye randa. Alijifunza kukata mwamba hadi upitishe mwanga, na kuusoma kwa hadubini.

Tabia moja ya useremala haikumtoka. Kama fundi anavyotia alama kila ubao kabla ya kuuunga, yeye alichonga juu ya kila jiwe namba ya shimo la uchorongaji, kina lilikotoka, na mshale wa upande wa juu. Lebo za karatasi zilikuwapo, na sisi tuliotoka chuo kikuu tulimtania kwamba anachonga misalaba ya makaburi. Alijibu kwa upole kuwa karatasi haijui kuishi na mchwa.

Mwaka 1993, katika kupunguza wafanyakazi na vyumba, ilielekezwa mawe ya zamani yatupwe. Bwana Kajetani aliomba kwa maandishi, akayahamishia kwenye ghala lake la mahindi huko Msamala, masanduku mia moja na arobaini. Mkewe, Mama Kunegunda, alimuuliza kama sasa watasonga ugali wa mawe. Hata hivyo alimpisha, na mahindi yakalala sebuleni misimu mitatu.

Mwaka jana mwekezaji mmoja alitaka kujua achoronge wapi kutafuta makaa ya mawe. Rasimu ya taarifa, iliyoandaliwa na mwandishi wa wasifu huu kwa kujiamini kupita kiasi, ilisema tabaka zima la makaa lilipata joto, ambalo ndilo huamua ubora wake, sawasawa kwa kufukiwa chini tu. Bwana Kajetani aliisoma, akamwalika mwandishi Msamala.

Mchwa walikuwa wamemaliza lebo zote na nusu ya masanduku. Bila alama zake, ghala lile lingekuwa la kifusi. Alionyesha jinsi madini meupe yalivyochukua nafasi ya mti chembe kwa chembe, katika maji yasiyo moto, hata pete zikasalia. Kisha akaonyesha nyufa zinazozikata pete hizo. Kandokando yake madini meupe nayo yameondolewa, na mahali pake pameshikwa na ya kahawia, yaliyoletwa na maji ya moto. “Mwanangu,” alisema, “mti ulishakuwa jiwe ndipo moto ukapita. Tena haukupita kila mahali. Soma namba.” Namba za mawe yenye nyufa hizo zilitaja mashimo matatu tu, yote kwenye mstari mmoja. Rasimu iliandikwa upya, na jina lake likatangulia.

Ofisi imetenga chumba, na wiki iliyopita mawe yalirudi. Rafu zote amezitengeneza mwenyewe, kwa randa ileile ya mwaka 1968. Limebaki jiwe moja, linalozuia mlango wa jikoni kwa Mama Kunegunda. Ametuarifu kwamba halirudi, ila namba yake inasomeka, tukitaka tuiandike.

Tumeiandika. Asante, fundi wetu. Upumzike kwa afya njema, na ghala lijae mahindi.