Wanaolala Ndani ya Chupa

Manyunyu yalitushika tangu alfajiri, yale yasiyolowesha ila yanakufanya usinzie macho wazi. Benchi letu limeegemea ukuta wa machinjio, nami fundi viatu ndiye mwenye kona. Siku hiyo palikuwa na chupa mbili za chai. Moja ya Sukari, muuza kahawa anayetunywesha chungu tupu. Ya pili aliiacha Mama Maziwa, nayo ilikuwa na maji ya tumbo la dume aliyechinjwa punde, yamechujwa kwa kitambaa na kujazwa hadi mdomoni. Ng'ombe wake alivunja stoo akafakamia mahindi, vijidudu vinavyomsagia majani tumboni vikafa, na sasa hacheui. Daktari wa mifugo kasema anyweshwe vya mwenzake vikiwa hai. Mama alikimbilia kuazima mpira wa kunyweshea, akatuachia neno moja: isipoe, isiingie hewa, visije vikafa. Nyumba nzima inamtegemea ng'ombe huyo mmoja.

Kisu, mchinjaji aliyemjazia chupa, alikuwa ameipakata.

KISU: Jamani, humu mna umati kuliko watu wa mji huu.

PROFESA (mlinzi wa geti, anajua kila kitu isipokuwa saa ya kufunga geti): Umewaona?

KISU: Hawaonekani. Dume kafa, wao wapo tu. Miaka yote nachinja nikidhani nimemaliza kazi, kumbe anayeondoka ni mwenye nyumba. Wapangaji wanahama.

SUKARI: Wataalamu wanawakausha, mzee. Wanakuwa unga kama wa maziwa, wanalala kwenye baridi kali. Ukiwamwagia uvuguvugu, wanaamka.

PROFESA: Kama wanalala, wanaota.

SUKARI: Wanaota nini?

PROFESA: Majani. Wewe ungeota nini?

Mimi niliwaona kabisa, wamelala gizani, wakiota malisho yasiyo na mwisho. Raha iliyonishika siwezi kuieleza.

MIMI: Dume aliwapata wapi?

KISU: Kwa mama yake, alipomlamba. Na mama kwa bibi.

PROFESA: Basi humo wamo waliokuwa kwenye tumbo la ng'ombe wa kwanza duniani. Wanakumbuka mvua ya kwanza. Fungua tuwasikilize.

KISU: Mama kasema hewa isiingie.

PROFESA: Mficha uchi hazai, ndugu yangu. Kidogo tu.

Kisu akazungusha kizibo. Harufu ya majani yaliyochacha ikatupanda puani. Profesa akatega sikio mdomoni mwa chupa, akafumba macho.

SUKARI: Unasikia?

PROFESA: Kimya kingi kina mshindo mkuu. Wanakoroma.

SUKARI: Lete na mimi. Aa, hawa wanaimba.

Chupa ikazunguka. Ilipofika kwangu nilisikia kitu kama mvua inayonyesha mbali sana, nikatamani nisiitoe sikioni.

SUKARI: Mimi nikifa mnikaushe. Vitukuu wakinihitaji, wanimwagie maji moto.

PROFESA: Watakunywa, wataomba sukari.

Tulicheka taratibu, kama watu walio mbali. Kisu akasema siku moja watapelekwa hata mwezini, ng'ombe wacheue huko. Profesa akasema mwezi wenyewe ni ng'ombe, ndiyo maana unanenepa na kukonda. Hakuna aliyebisha.

Mama Maziwa akatokea kwenye manyunyu, mpira umening'inia shingoni, anahema. Aliitazama chupa, haina kizibo, imesimama kwenye benchi lililolowa. Akaishika kiunoni kwa viganja viwili, kama mtu anayempima mtoto homa.

MAMA MAZIWA: Shemeji zangu, wako hai?

Profesa akatazama geti. Kisu, ambaye hajawahi kushindwa kusema kama mnyama yu hai au kafa, akatazama mikono yake. Kizibo kilikuwa kwenye aproni yangu, katikati ya misumari. Nikampa. Aibu ilinipanda hadi masikioni.

Hakutugombeza. Aliziba, akaifunga chupa ndani ya khanga, akaikumbatia tumboni na kuondoka karibu mbio. Dume yule alikuwa wa mwisho siku hiyo na tumbo lake limeshaoshwa; cha kumjazia upya hatukuwa nacho.

Sukari, kwa kukosa la kufanya, akatumiminia tena kahawa. Ilitoka ikifuka moshi. Ile tulikuwa tumeiziba vizuri.